Behewa la Vioja

Mwezi uliopita kijana mmoja aliniletea dumu la asali kutoka Mitundu. Alikuwa amelifunga nyuma ya pikipiki kwa mpira, karibu na mnyororo, na kifuniko chake kilifika hapa Mwankoko kimechafuka kwa nta na grisi pamoja. Nta peke yake hainishtui. Grisi nayo ni manukato yangu ya kila siku, maana nina mashine mbili za kusaga na hakuna fundi anayezigusa isipokuwa mimi. Lakini vilipochanganyika, nikavuta pumzi mara moja tu, ilibidi nikae. Kijana aliniuliza, "Bibi, vipi, asali imeharibika?" Nikamwambia haijaharibika, aende zake, ila kwanza animiminie yote mbele yangu nione kama chini hakuna maji ya sukari. Hakukuwa na maji. Hata hivyo nilitazama.

Nitangulize jambo moja ili tusisumbuane mbele ya safari. Mimi ni mwanamke wa kwanza kutoka kambi ya makuli ya stesheni yetu kupata stashahada ya ufundi wa mitambo. Niliipata ughaibuni, kwenye baridi la kupasua midomo, kwa lugha niliyojifunza kwa miezi kumi, darasani nikiwa mwanamke peke yangu na mweusi peke yangu, na nilikuwa wa tatu kwa alama. Cheti kipo sebuleni kwenye fremu. Mgeni akikaa kiti kikubwa anakiona bila kugeuza shingo, na kiti nilikiweka pale makusudi. Wapo wanaosema najisifu. Waache. Wao wametundika nini ukutani?

Kwa miaka mingi nimesema kwamba sikubebwa na mtu. Leo nataka kueleza habari ya behewa, na ninyi wa rika langu mliokulia kando ya reli enzi za Mwingereza mtaamua wenyewe.

Baba alikuwa kuli katika ghala la mizigo, kwenye stesheni ndogo kati ya Manyoni na Itigi. Vitu vilivyotoka kwetu vilikuwa vilevile mwaka hadi mwaka: ngozi za ng'ombe zilizokauka kama mbao, karanga, asali, na nta iliyoyeyushwa ikagandishwa kwa umbo la mikate mikubwa. Vyote vilipita kwenye mizani. Ilikuwa ya jukwaa la chuma, pana kiasi cha kulala mtu, na mkono wa shaba uliong'aa kwa kuguswa. Baba na wenzake walipandisha mzigo, karani akasogeza kijiwe cha shaba mpaka mkono ukatulia, akaita ratili kwa sauti. Mwenzake aliandika lebo ya karatasi ngumu yenye rangi ya udongo, akaifunga kwa uzi. Kuanzia hapo ule mzigo haukuwa tena wa mtu wa kwetu. Ulikuwa wa treni.

Sisi watoto tulijua hiyo kama tulivyojua kwamba moto unachoma. Sikuwahi kuona kitu kilichopanda mizani kikarudi nyumbani. Hata jogoo wa baba mdogo, aliyetaka tu kujua uzito wake kwa ubishi wa vijana, alipimwa saa nne na saa nane hakuonekana tena. Tulipocheza karibu na ghala, mwenzetu akikanyaga lile jukwaa kwa bahati mbaya, tulimvuta mkono huku tukipiga kelele: "Shuka! Shuka utapelekwa!"

Ndipo likaja lile behewa. Lilikuja mwisho wa treni ya mizigo, likafunguliwa, likasukumwa kwenye reli ya pembeni nyuma ya tangi la maji, na treni ikaondoka bila hilo. Lilikuwa la rangi ya kijani, na mwishoni lilikuwa na kibaraza kidogo chenye gurudumu la breki. Madirisha yake yalikuwa na mapazia. Behewa la mizigo halina mapazia, na la abiria haliachwi. Kwa hiyo lile halikuwa la mizigo wala la abiria, na hilo pekee lilitosha kutuharibia usingizi.

Alishuka mtu mmoja mwembamba, Mnyasa, mkono wake wa kushoto umekunjamana kwa kuungua zamani. Aliitwa Bwana Elia. Alikuwa fundi wa karakana huko pwani kabla ya kuungua, na sasa, alisema, alitumwa na makumbusho kuwapelekea watoto wa njia ya reli vitu vya kuona. Neno makumbusho hatukulijua. Kukumbushwa nini? Na nani? Baada ya siku mbili alitundika mlangoni ubao wa maandishi, na siku hiyohiyo, kwenye bomba la maji la reli ambako wanawake walichota, Mama Sele jirani yetu akanishika bega.

"Wewe Zena unasoma darasa la tatu. Ameandika nini pale?"

"Ameandika: Karibu mtoto, gusa kila kitu."

"Gusa?"

"Gusa."

"Hebu rudia, soma vizuri."

"Gusa kila kitu."

Mama Sele alitua ndoo. "Mimi ofisini nikigusa meza nafukuzwa. Dukani nikigusa kitambaa naambiwa nunua. Juzi zahanati mwanangu kagusa mkasi, kala kofi. Huyu vyake ni vya yatima, hata avitoe vichezewe?"

Mama yangu hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa anasubiri zamu, mtungi begani. "Mtu akikupa cha kushika," alisema, "ujue mikono yake imebaki mitupu. Ni ya kukushika wewe."

Wanawake walicheka, lakini si kicheko cha furaha. Na kama aliyeitwa, Bwana Elia akatokea na ndoo yake, akasalimia kwa sauti kubwa, "Mbukwenyi, akina mama!"

"Hiyo ni ya Wagogo," mama alimjibu. "Sisi Wanyaturu."

"Basi nifundisheni ya Kinyaturu."

Hakuna aliyemfundisha. Akamgeukia mama. "Wewe mama una watoto wangapi?"

Mkisikia swali kama hilo leo mnaona si kitu. Kwetu mtoto hakuhesabiwa, wala ng'ombe. Unayemhesabu unamwonyesha kifo kwa kidole. Mama alitazama pembeni. "Wapo."

"Wangapi?"

"Wapo tu."

Bwana Elia alitikisa kichwa kama aliyeelewa, akatoa kidaftari mfukoni, akaandika. Alipoondoka wanawake walimtazama mpaka mgongo wake ukapotea nyuma ya tangi. Mimi nilikuwa nimechungulia. Neno "wapo" lina herufi nne. Yule mtu aliandika mstari mzima.

Nilikuwa na ndugu mmoja tu aliyepona utotoni, Idi, aliyenifuata kwa miaka minne. Mama alinikabidhi Idi kama wengine wanavyokabidhiwa kundi. "Ukirudi bila yeye, usirudi," aliniambia kila asubuhi, na sikuwahi kudhani ni mzaha. Ndiyo maana nilipomkosa pale kwenye mchanga tulipokuwa tunacheza, na Sele akanionyesha behewa kwa kidevu, niliokota jiwe palepale. Nilipanda zile ngazi nikiwa nalo mkononi.

Humo ndani ndiko kulikonuka nta na grisi. Upande mmoja kulikuwa na rafu: mawe ya aina nyingi, fuvu la kiboko, ngoma, kengele za ng'ombe, mzinga wa magome kama ile ya kwetu ukiwa bado na masega makavu. Upande wa pili kulikuwa na meza ndefu, na juu yake vitu vilivyofunguliwa matumbo: saa isiyo na uso, kufuli iliyopasuliwa katikati ili uone ulimi wake unavyokwenda, sumaku, vioo vya kukuzia, springi, na kengele ya umeme ya stesheni iliyokufa. Idi alikuwa amepiga magoti juu ya kiti, mikono yote miwili ndani ya ile kengele, na ulimi nje.

"Shikamoo," nilisema, kwa sababu adabu ni adabu hata kwa mwizi.

"Marahaba. Umekuja na jiwe? Vizuri. Liweke kwenye rafu tuone ni la aina gani."

Sikuliweka.

Nilitaka kumvuta Idi tuondoke, lakini alishika meza akapiga yowe la kumfanya mtu aonekane muuaji. Basi nikakaa. Na kesho yake nikakaa tena, maana Idi alikuwa anatoroka mapema kuliko jicho langu, na mlinzi hana budi kuwa mahali alipo anayelindwa. Nyumbani sikusema. Nilijiambia nitasema nikishajua yule mtu anataka nini hasa.

Wiki tatu nilizokaa humo kama askari ndizo zilizonifundisha nusu ya ninachokijua. Bwana Elia hakufundisha kama mwalimu wetu wa shule, aliyetuimbisha kwa fimbo. Aliweka kitu mezani, akaondoka. Ukimuuliza, alikuuliza. Siku moja aliweka sanduku la misumari sakafuni, ambalo hata baba asingelinyanyua bila kukunja uso, akanipa mtaimbo mfupi na kigogo cha kuegemeza. Sanduku halikutikisika. Akanipa mtaimbo mrefu, mrefu kuliko mimi mara mbili. Nilibonyeza ncha yake kwa kiganja, na lile sanduku likainuka kama mtu aliyeitwa jina.

Nilifurahi mpaka nikaogopa. Watoto wa leo hawawezi kujua ilivyokuwa kwa mtoto wa kike wa kuli kuinua kitu kizito kuliko baba yake. Lakini kila nilipofurahi, usiku sauti ya mama ilinijia: mikono imebaki mitupu. Mbuzi wa sikukuu naye hulishwa vizuri. Nikawa nahesabu fadhila zake kama mtu anayehesabu nyayo za fisi. Alitupa uji wa sukari: kwa nini? Alimwonyesha Idi jinsi ya kukwangua kutu kwenye ncha za waya: kwa nini Idi kuliko wote? Aliniona natazama gurudumu la breki pale kibarazani, akanieleza bila kuulizwa kwamba ukilizungusha huku magurudumu hubanwa, ukilizungusha huku huachiwa. Kwa nini anieleze?

Siku ambayo Idi aliiliza ile kengele, Bwana Elia alikimbia kutoka nje akidhani ni ya stesheni. Idi alikuwa amerudisha waya mmoja mahali pake na kukunja kipande cha bati, basi. Kitoto kisichojua kufunga vifungo vya shati lake! Bwana Elia alikaa kwenye ngazi akamtazama muda mrefu. Halafu akatoa kidaftari.

Nililiona jicho lile. Karani wa ghala alikuwa nalo alipopata ngozi isiyo na kovu.

Wiki iliyofuata alileta mizani.

Haikuwa ile ya ghala, ilikuwa ndogo, lakini ni jamaa zake: jukwaa la chuma, mkono wa shaba, kijiwe. Aliiweka katikati ya behewa, akasema leo tutajifunza uzito, na kila mmoja atajua wake. Watoto tulikuwa saba. Hakuna aliyesogea. Bwana Elia alicheka, hakuelewa. Alimbeba Idi, aliyekuwa mwepesi na asiyeogopa kitu, akamsimamisha juu yake.

"Ratili thelathini na nane!" aliita. Kwa sauti ileile. Nawaapia, ilikuwa sauti ileile ya ghalani.

Halafu akaandika kwa chaki ukutani: Idi, 38. Halafu akafungua kisanduku, akatoa lebo ya karatasi ngumu ya rangi ya udongo. Alikuwa amezichukua ghalani, kwa ruhusa, baadaye tulikuja kuambiwa. Akaandika juu yake, akapitisha uzi, akamvalisha Idi shingoni.

"Ya nini hiyo?" niliuliza.

"Usiipoteze, Idi. Tutakupima tena mwezi ujao tuone umeongezeka kiasi gani."

Umeongezeka kiasi gani! Walipomwona Idi bado yu hai, wengine nao walipanda, mmoja mmoja, wakicheka kwa woga. Mimi nilipanda wa mwisho. Nilipima akilini: nikikataa, atajua kwamba nimejua. Nilikuwa ratili hamsini na sita. Chuma cha lile jukwaa kilikuwa baridi kwenye nyayo, na hata leo, nikipimwa zahanati, navaa viatu, wauguzi waseme wanavyotaka.

Nilitoa lebo yangu kabla ya kufika nyumbani, nikaizika. Ya Idi alikataa kuitoa, nikaificha ndani ya shati lake. Ningeweza kumwambia mama usiku ule. Sikumwambia, kwa sababu angeniuliza nilikuwa wapi wiki tatu zote.

Asubuhi ya pili yake nilikuwa bombani. Nilisikia kichwa cha treni kikipiga honi, nikatazama, na kilikuwa kinarudi kinyumenyume kwenye reli ya pembeni. Yule mfanyakazi wa kuunganisha mabehewa alining'inia ubavuni, bendera mkononi. Kilikuwa kinalifuata behewa la kijani. Na dirishani, pazia likiwa wazi, niliona kichwa cha Idi na vichwa vya wenzake.

Sikupiga kelele. Watu huniuliza kwa nini, na mimi nasema kelele haifungi gurudumu. Niliacha ndoo. Nyuma ya tangi kulikuwa na kipande cha bomba la chuma, nikakiokota nikikimbia, nikapanda kile kibaraza upande wa pili ambako yule mfanyakazi hakuniona. Nilizungusha breki kwa mikono mpaka ikagoma. Nilijua haijatosha. Nikapitisha bomba katikati ya tindi za gurudumu, zile fito zake za ndani, nikashika ncha ya mwisho kabisa, nikajitundika kwa uzito wangu wote. Ratili hamsini na sita. Kitu fulani chini kililia "kaa", nikajitundika tena. Kisha nilichomoa bomba nikalitupa kwenye majani.

Kichwa cha treni kiligonga behewa, likaunganishwa, honi ikalia, kikavuta.

Mlio ule sitausahau. Magurudumu hayakuzunguka, yaliburutwa juu ya reli kama ng'ombe anayevutwa machinjioni, cheche zikiruka, na ukelele wa chuma uliofika mpaka mashambani. Ndani vitu vilianguka, watoto wakapiga mayowe. Treni ilisimama. Lakini wanawake walikuwa wameshasikia. Walitoka kambini na michi, na mmoja na mwiko wa ugali ukiwa bado na ugali. Baba na makuli wenzake walitoka ghalani. Stesheni masta alikuja akishika kofia.

"Nani amefunga hii breki?" yule mfanyakazi alifoka. "Nimeikagua asubuhi, ilikuwa wazi!"

"Mimi," nilisema.

Watu walinitazama. Baba alifumba macho.

"Alikuwa anawapeleka," nilisema, nikimwonyesha Bwana Elia aliyesimama mlangoni, paji la uso likitoka damu kidogo. "Amewapima wote. Amewafunga lebo. Tazameni shingoni."

Mama Sele alikuwa wa kwanza kupanda. Alitoka na Sele, akamvua shati mbele za watu, na lebo ikaning'inia pale kifuani. Sitaki kueleza kelele iliyofuata. Jiwe moja lilivunja dirisha. Stesheni masta alipaza sauti kwamba behewa lilikuwa linasogezwa tu kupisha mabehewa ya karanga, lakini nani amsikilize mtu ambaye kazi yake ni kupeleka vitu?

Bwana Elia alijaribu kueleza habari ya uzito. Kila alipotaja mizani aliongeza moto. Mwishowe aliacha, akaenda kuinama kwenye ile breki, akajaribu kuifungua, ikamshinda. Akanitazama.

"Umetumia nini?"

"Bomba."

"Refu kiasi gani?"

Nikamwonyesha kwa mikono. Hakutosheka, akataka nimwonyeshe nilikoshika. Nikamwonyesha, mwishoni kabisa.

"Kwa nini si katikati?"

"Katikati lingekuwa bomba fupi," nilisema.

Damu ilikuwa inamfikia nyusi, na wanawake wanamtukana kwa lugha tatu, na yule mtu akatabasamu. Nilimchukia kwa lile tabasamu. Nilidhani bado ana jambo.

Aliyebaki ndani alikuwa Idi. Wenzake wote walishatolewa. Yeye alikuwa chini ya meza ndefu, amekumbatia mguu wa meza hiyo, analia. Nilimwambia, "Njoo, nimekuokoa." Aliniuma mkono. Nilimburuta kwa miguu mpaka ngazini, na watu wakanipigia vigelegele. Mama alimbeba mgongoni kama mtoto mchanga, akaikata ile lebo kwa meno.

Magurudumu yalikuwa yamesagika upande mmoja, hayakuweza tena kuzunguka vizuri. Lile behewa lilivutwa taratibu kwenda karakana, na halikurudi kwetu. Kama lilirudi kokote sijui. Lakini jioni moja kabla ya kuondoka, Bwana Elia alikuja nyumbani. Hakuingia. Alisimama uani na baba, kofia mkononi, na mimi nilisikiliza nyuma ya mlango.

"Nina mwalimu ninayemfahamu, shule ya bweni yenye karakana," alisema. "Nilikuwa nimeshamwandikia habari za Idi. Akikua kidogo, wangempokea. Nimekuja kuuliza kama niendelee."

Baba alisema kwamba yeye hana neno, lakini mtoto ni wa mama. Mama alitoka jikoni.

"Idi hapana. Usilitaje tena jina lake. Wewe umeshampima mara moja."

"Basi dada yake. Kuna shule ya wasichana, naweza kumwandikia mkuu wake."

Nilisubiri mama anikatalie na mimi. Badala yake alisema, "Huyo mkubwa mwandike. Huyo hata mkimpeleka, anajua kujifungia breki mwenyewe."

Hivyo ndivyo nilivyopanda treni nikiwa na sanduku la bati, nikaenda shule ya bweni, na kutoka hapo nikaendelea mwenyewe, darasa kwa darasa, bila mjomba ofisini na bila kumpigia mtu magoti, mpaka kwenye ile nchi ya baridi. Barua ilikuwa moja tu. Mitihani ilikuwa mingi, na yote niliifanya mimi. Hilo nalishikilia.

Siku niliyorudi na stashahada, walichinja mbuzi wawili. Nilihutubia. Nilieleza theluji, nilieleza mashine zenye urefu wa nyumba, nikapitisha cheti mkono kwa mkono huku nikiwaonya wasishike kwa mikono yenye mafuta. Mama alikuwa mzee, alilia. Baba hakuwepo tena. Idi alikaa nyuma, karibu na kibanda chake cha kutengeneza baiskeli. Alikuwa ameanza kwa kubeba ngozi ghalani, kama baba, mpaka mgongo ukakataa. Watu walikuja kwake na baiskeli, na redio, na taa za karabai, na saa, na hakuna aliyejua alijifunzia wapi.

Watu walipopungua nilimfuata. Nadhani nilitaka anisifu, maana wengine wote walishanisifu.

"Dada," alisema, "nikuulize. Siku ile ya behewa, ulijua tulikuwa tumekaa ndani kwa nini?"

"Alikuwa anawapeleka. Ndivyo nilivyodhani. Nilikuwa mtoto."

"Bwana Elia alitwambia tushuke. Alisema linasogezwa, ni hatua hamsini tu, halafu tutapanda tena. Mimi ndiye niliyemwomba. Nilimwambia, Bwana, sisi tunalala kando ya treni na hatujapanda hata siku moja. Tuache tupande hizo hamsini. Akakataa, nikamwomba tena, akakubali."

Alichukua bakuli la maji akaliweka kati ya magoti yake.

"Sijapanda mpaka leo," alisema, bila hasira, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Nilifungua mdomo nimwambie nitamkatia tiketi, kesho hiyohiyo, mpaka pwani akitaka, daraja la pili. Lakini alikuwa ameshainama, anazungusha mpira wa baiskeli ya mtu ndani ya maji, anatafuta mahali unapovuja.